Kuku na Adui Zake wa Mchana

Msomaji, historia uliyozoea kuisoma darasani ni ya wafalme, vita, mikataba, na majahazi yaliyovuka bahari. Ni haki isomwe. Lakini iko historia nyingine ambayo haijengewi sanamu wala haiandikiwi kitabu kikubwa, nayo imo uani mwa nyumba yenu. Toka nje saa nne ya asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, uketi kivulini umtazame kuku mwenye vifaranga. Huchakura mara mbili, hurudi nyuma, hudona, kisha huwaita wanawe. Ghafula, bila ya sababu unayoiona wewe, huinamisha kichwa upande, jicho moja likaelekea mbinguni, akatoa sauti nyembamba ndefu. Kufumba na kufumbua vifaranga wote wamekwisha kuingia chini ya mbawa zake au ndani ya majani. Ukitazama juu, huoni ila nukta nyeusi inayozunguka polepole. Nukta hiyo ni mwewe.

Jambo hilo dogo, ambalo pengine umeliona mara mia bila ya kulifikiri, lina umri wa maelfu ya miaka. Nataka kukueleza habari za vita hivyo vya mchana: jinsi vilivyoanza, jinsi wazee wetu walivyopambana navyo, na jinsi adui mmoja mgeni alivyoingizwa katika pwani yetu kwa mkono wa mwanadamu. Ukifuatana nami mpaka mwisho utaona kwamba habari hii, ijapokuwa ni ya kuku, inatuhusu sisi wenyewe.

Kwanza yafaa ujue kwamba kuku si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni ndege wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye mpaka leo yuko: jogoo wake ana manyoya mekundu yanayong'aa, hutafuta chakula chini ya vichaka mchana, na usiku hulala juu ya matawi. Mifupa ya kale kabisa ambayo wataalamu wanakubaliana kuwa ni ya kuku wa kufugwa ilifukuliwa mahali paitwapo Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, nayo ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya kuzaliwa Kristo. Wataalamu wengi huona kwamba ndege huyo hakutekwa na mtu kwa nguvu. Watu walipoanza kulima mpunga na mtama karibu na msitu, nafaka zilimwagika, na ndege akasogea hatua kwa hatua mpaka akawa wa nyumbani. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia: chakula kilichomwagika ndicho kilichomleta kuku kwa mwanadamu.

Kutoka Asia kuku alisafiri pamoja na wafanyabiashara na mabaharia. Katika Tigray, huko Ethiopia, imeonekana mifupa yake iliyo ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Katika pwani yetu mifupa ya kuku imepatikana miongoni mwa masalio ya Unguja Ukuu, mji wa biashara uliostawi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Basi wakati huo kuku alikuwa amekwisha kuwa chakula cha heshima cha mgeni, kama alivyo mpaka sasa katika nyumba zetu.

Lakini alipohamia kwa watu, kuku aliacha nyuma kitu kimoja cha thamani, nacho ni kichaka. Msituni majani yalimfunika. Uani petu, pamefagiwa vizuri, hapana pa kujificha. Mwenye nyumba naye hakuwa na nafaka za kutosha kumlisha kuku siku nzima kizimbani. Kwa hiyo wakafanya kama mapatano: usiku mtu atamfungia kuku ndani, na mchana kuku atatembea huru ajitafutie wadudu, mbegu na makombo. Mapatano hayo yalikuwa na faida kubwa, kwa sababu mtu aliye maskini kabisa aliweza kufuga kuku bila ya kununua chakula chake. Walakini yalikuwa na gharama. Adui wa usiku, kama kicheche na fungo, huzuiliwa kwa mlango uliofungwa. Adui wa mchana hana mlango wa kumzuia. Ukimfungia kuku apate salama, itakubidi umlishe; ukimwachilia ale bure, utampa adui nafasi. Fundo hili ndilo lililowashughulisha wafugaji wa kuku tangu zamani, na halijafunguka lote hata leo.

Adui hao wa mchana ni wengi, na kila mmoja ana njia yake. Mwewe huelea juu, kisha hushuka kama jiwe, akanyakua kifaranga kwa makucha bila ya kutua, na kabla hujamaliza kupiga kelele amekwisha kwenda zake. Kipanga huja chini chini, akipenya baina ya miti. Nguchiro hutambaa katika nyasi ndefu, na mara nyingi hutembea na wenzake. Kenge hupenda mayai zaidi, ila kifaranga akimpata hamwachi. Kuku mwenyewe anawatambua na kuwapambanua. Katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu walichunguza sauti za kuku wakaona kwamba mlio anaoutoa akiona adui wa angani si ule anaoutoa akiona adui wa ardhini. Walipowasikilizisha kuku wengine milio hiyo, bila ya adui yeyote kuwapo, waliosikia mlio wa angani walijikunyata na kutazama juu, na waliosikia wa ardhini walisimama wima wakatazama huku na huku. Bibi zetu walilijua jambo hili bila ya chombo chochote. Bibi akiwa jikoni, akisikia kuku analia kwa namna fulani, hujua kama atoke na fimbo au atoke akipiga makofi na kutazama juu.

Wazee waliuweka uadui huo katika hadithi, na bila shaka umesimuliwa moja utotoni. Husimuliwa kwa namna mbalimbali na makabila mengi ya Afrika Mashariki. Husemwa kwamba zamani Kuku na Mwewe walikuwa marafiki. Siku moja Kuku akaazima sindano ya Mwewe, au wembe kama wasemavyo wengine, akaipoteza. Mwewe akamwambia, "Mpaka utakapoiona sindano yangu, nitajilipa kwa watoto wako." Tangu siku hiyo Kuku huchakura ardhi akitafuta deni, na Mwewe hushuka kulidai. Hadithi hii hudhaniwa kuwa ya kuchekesha watoto, lakini ndani yake mna hekima. Inakiri kwamba mwewe hamalizwi, naye ana sehemu yake katika ulimwengu. Kazi ya mfugaji ni kulifanya deni hilo liwe dogo.

Nao walilifanya dogo kwa njia nyingi. Vifaranga wachanga waliwekwa chini ya tenga lililopinduliwa, mama yao akafungwa kamba mguuni karibu ili asiwapeleke mbali. Watoto wa nyumba walipewa kazi ya kulinda, na mlinzi aliyesinzia alijua atakaloambiwa jioni. Mihogo na migomba iliyopandwa karibu na nyumba iliwapa kuku kivuli na maficho pamoja. Wengine walifuga kanga, ambaye ni mwepesi wa kuona na mkali wa sauti, hata akawa kama askari wa zamu. Katika sehemu nyingi za Kenya utaona mpaka sasa vifaranga waliopakwa rangi ya waridi au ya zambarau, kwa tumaini kwamba mwewe atawashangaa na kuwaacha. Hapana hata njia moja katika hizi iliyozuia hasara yote. Lakini zote kwa pamoja ziliiweka hasara mahali ambapo mtu aliweza kuivumilia. Kifaranga mmoja alikwenda, saba wakabaki, na nyumba ikaendelea.

Sasa, msomaji, tuvuke bahari twende Unguja, maana huko ndiko sura mpya ya vita hivi ilikoanzia.

Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulikuwa soko kubwa la karafuu, pembe za ndovu na, kwa huzuni yetu, watumwa. Watu walizidi kuhamia, na takataka zikazidi pamoja nao. Nyingi zilitupwa pwani zichukuliwe na maji, nayo maji hayakuzichukua zote. David Livingstone alipofika huko mwaka 1866 aliuona uvundo kuwa mwingi hata akaligeuza jina la mji kwa mzaha wa Kiingereza, liwe na maana ya kunuka. Maradhi hayakuwa mbali: kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na wakuu wa serikali mpya wakaikuta shida ile ile ya takataka mlangoni.

Yalikuwapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza lilikuwa kuajiri watu wa kutosha, kununua mikokoteni, kuchimba mashimo, na kuzoa taka kila siku. Kazi hiyo ina jasho na gharama, na haina mwisho. La pili lilionekana rahisi zaidi. Huko Bombay na miji mingine ya Bara Hindi yuko kunguru mwembamba, mweusi anayemetameta, mwenye shingo ya kijivu. Hula kila kitu: matumbo ya samaki, mizoga, maganda, makombo. Kwa karne nyingi amekaa na watu wa huko akila taka zao. Basi katika miaka ya 1890 wakaletwa kunguru kutoka huko, wakaachiliwa Unguja ili waisafishe miji. Walikuwa wazoa taka wasiodai mshahara, wasiougua, wala wasiohitaji msimamizi. Nani asingefurahia wafanyakazi wa namna hiyo?

Kunguru alifanya kazi aliyoletewa, maana alikula taka. Lakini hakuna aliyemwekea mpaka kwamba ale taka tu na aache mengine. Alikula mayai na makinda ya ndege wadogo, kama minana na chozi. Akamfukuza kunguru wetu wa asili, yule mwenye kola nyeupe shingoni, kutoka katika miti ya mjini. Akaingia nyuani, akaona vifaranga, akawahesabu kuwa ni chakula kama vingine. Ilipofika mwaka 1917, yaani haijapita hata miaka thelathini, alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa ndege mharibifu, na juhudi za kumpunguza zikaanza. Mfanyakazi asiyedai mshahara alikuwa amejilipa mwenyewe.

Huenda ukasema, "Mwewe naye hula vifaranga, kuna tofauti gani?" Tofauti ni kubwa, nayo yafaa kuangaliwa kwa makini. Mwewe huja peke yake, hupita, na akikosa huenda kutafuta panya au mzoga mahali pengine. Kunguru yuko juu ya mwembe wako tangu alfajiri mpaka magharibi. Anakutazama unapofungua kizimba, anajua ni saa ngapi unakwenda kisimani, na tena anajua ni mtoto yupi hulinda vizuri na yupi hucheza. Huja wawili au zaidi. Mmoja humchokoza kuku kwa kumvuta mkia, na kuku anapogeuka kwa hasira, wa pili huchukua kifaranga. Tenga litamzuia, lakini hukaa akingoja mpaka litakapoinuliwa. Ukimpiga jiwe moja, siku ya pili ataruka kabla hujainama kuokota la pili. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao walisema kweli: woga huo ndio akili yake. Hila zote walizozitunga wazee kwa ajili ya mwewe zilimtazamia adui anayepita njia. Hazikumtazamia adui anayehamia jirani.

Usidhani kwamba Unguja peke yake ndiyo iliyofanya kosa la namna hii. Mwaka 1872 mwenye shamba mmoja wa Jamaica, jina lake W. Bancroft Espeut, aliagiza nguchiro tisa kutoka Calcutta ili wale panya waliokuwa wakiharibu miwa. Panya walipungua mwanzoni, na watu wakamsifu. Lakini panya hutembea zaidi usiku, na nguchiro huwinda mchana. Na mchana ni nani anayetembea uani? Ni kuku. Nguchiro wakazaana, wakageukia kuku na ndege wa mwituni, na malalamiko yakazidi hata mwaka 1890 serikali ya Jamaica ikaweka tume ya kulichunguza jambo hilo. Tazama basi: tume ya Jamaica ilikuwa ikisikiliza vilio vya wafugaji wa kuku karibu na wakati ule ule ambao Unguja ilikuwa ikifungua milango kwa kunguru. Somo lilikuwapo, lakini mwanafunzi hakuwapo.

Kunguru hakukaa kisiwani. Ndege huyu hupenda bandari na hupanda meli kama abiria asiye na tikiti. Mwaka 1994 alionekana hata Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, nchi ya baridi isiyo yake kabisa. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Tangu hapo ameenea katika miji ya pwani yetu mpaka Malindi na kupita, na ameanza kuifuata barabara kuu kuelekea bara. Na hapa pana jambo la ajabu ambalo huenda likawa ndilo ufunguo wa habari yote. Wataalamu hawajapata kuona kundi la kunguru hawa linaloishi mbali na watu. Huwakuti katikati ya msitu wala nyikani pasipo na makazi. Mahali penye watu na jaa la takataka, hapo yupo. Mahali pasipo na jaa, hana maisha. Nilikuambia ulikumbuke neno moja, nalo ni hili: chakula kilichomwagika kilimleta kuku kwetu, na chakula kilichomwagika ndicho kinachomweka kunguru.

Sasa fikiri hasara yote humwangukia nani. Wenye mapato makubwa hufuga kuku ndani ya mabanda ya waya na kuwanunulia chakula. Kunguru hawasumbui sana. Anayesumbuliwa ni mama wa Kisauni, wa Kwale au wa Malindi, mwenye majike matatu na jogoo mmoja wanaojitafutia. Kuku hao ndio benki yake. Mtoto akiugua usiku, kuku mmoja huuzwa asubuhi. Karo ikipungua kidogo, wawili huuzwa. Mgeni akija, heshima ya nyumba iko chini ya kisu. Pengine hata daftari unaloandikia wewe lilinunuliwa kwa namna hiyo. Kuku jike huatamia kwa siku 21, kisha huanguliwa vifaranga kumi; na ikiwa katika juma la kwanza kunguru watachukua saba, mama huyo hakupoteza ndege saba wadogo. Amepoteza karo ya muhula ambao bado haujaanza. Nao uamuzi wa kumleta kunguru yeye hakuufanya, wala bibi yake hakuulizwa.

Watu wamejaribu kumwondoa kunguru, na habari za majaribio hayo zina mafunzo. Kuna waliotoa zawadi kwa mayai na vichwa, na waliovunja viota. Lakini ndege mwenye akili huhamisha kiota na kuendelea. Baadaye ikatumika dawa iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege waharibifu. Wataalamu huiweka katika nyama baada ya kuwazoeza kunguru kula mahali pamoja. Huua polepole, hata ndege wengine hawaonyeki kwa kumwona mwenzao akianguka. Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kunguru walipunguzwa sana kwa juhudi za namna hii. Kisha juhudi zikasimama, nao wakaongezeka tena. Malindi na Watamu walipungua vile vile, mpaka mwaka 2005 dawa ilipokosa ruhusa ya kuingizwa nchini, na hapo wakarudi kama zamani. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Hesabu hiyo peke yake yatosha kukuonyesha jinsi ndege wachache wa miaka ya 1890 walivyozaa.

Wako waliofaulu. Visiwa vya Shelisheli viliwawinda kunguru hawa wakiwa wangali wachache, bila ya kuchoka, mwaka baada ya mwaka, mpaka katika miaka ya 1990 wakamalizika. Nao hawakutumia uchawi wowote. Walianza mapema, na hawakuacha kazi katikati. Moto wa kijinga cha kibiriti huzimwa kwa kidole. Ukishika paa, kijiji kizima hutoka na ndoo.

Lakini sikiliza onyo moja. Mtu akiona wenye ujuzi wanatumia dawa, asije akajaribiwa kuweka sumu ya shambani katika matumbo ya samaki nyuma ya nyumba yake. Sumu haichagui. Itamwua kunguru mmoja, na pamoja naye mwewe, paka, mbwa wa jirani, na Mungu apishe mbali, mtoto aliyeokota. Katika nchi yetu tai na simba wengi wamekufa kwa sumu iliyotegwa kwa hasira juu ya mifugo iliyoliwa. Wala usichanganye adui na adui. Kunguru wa Bara Hindi ni mgeni aliyeletwa. Mwewe, kipanga na nguchiro ni wenyeji wenye kazi yao ya kula panya, wadudu na mizoga, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inawalinda wanyama wa porini wasiuawe ovyo. Kwa hao, dawa ni ile ile ya wazee: kuwazuia, si kuwaua.

Nawe ufanye nini, wewe uliye kijana wa shule usiye na dawa wala mamlaka? Unayo mengi ya kufanya. Vifaranga wawekwe katika kizimba chenye waya au wavu juu yake kwa majuma sita ya kwanza, walishwe humo japo kwa mchwa na pumba. Hiyo ndiyo gharama ndogo ya kununua umri ambao kunguru hawezi tena kuwabeba. Kizimba hicho chaweza kuhamishwa kila siku juu ya majani mapya, ili wapate wadudu wao wenyewe. Panda vichaka na migomba karibu na nyumba uwarudishie kuku sehemu ya msitu walioupoteza. Zaidi ya yote, tazama jaa lenu. Matumbo ya samaki yafukiwe siku ile ile. Makombo yasilale wazi. Shimo la taka lifunikwe. Mtu anayetupa makombo nje ya dirisha asubuhi, kisha akamrushia kunguru mawe adhuhuri, anamfukuza mgeni aliyemwalika mwenyewe. Na kwa kuwa nyumba moja safi haitoshi penye nyumba mia chafu, jambo hili ni la mtaa na la mji mzima: kuzoa taka kila siku, kazi ile ile iliyokwepwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha historia hii. Waliomleta kunguru hawakuwa watu wabaya. Waliona uvundo, wakaona maradhi, wakataka mji safi. Kosa lao lilikuwa kutaka usafi bila ya kazi ya kusafisha. Walitafuta njia ya mkato, na gharama ya njia hiyo haikuandikwa katika daftari la serikali, bali ilikwenda kulipwa uani, kifaranga kimoja kimoja, na watu ambao hawakuwapo katika baraza lililoamua. Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Ni methali ya kweli, lakini haitoshi hapa. Katika habari hii waliojitakia ni wengine, na waliolia ni wengine.

Wewe, msomaji, siku moja huenda ukaketi katika baraza la kijiji, la wilaya, au hata la taifa. Ataletwa mbele yako mtu mwenye dawa rahisi ya shida ngumu: mmea mpya, samaki mpya, mnyama mpya, au mashine mpya. Atakuambia ni bei nafuu. Msikilize kwa adabu, kwa maana si kila jipya ni baya. Kuku mwenyewe alikuja mgeni, naye ametufaa. Kisha muulize maswali mawili: kitu hiki kitakula nini kitakapokwisha kula kile tulichokiletea? Na gharama yake italipwa na nani? Ukipata jibu la swali la pili, mwite huyo mlipaji aingie barazani naye aseme.

Sasa rudi uani ukamtazame kuku tena. Bado anachakura. Jicho lake moja liko ardhini, la pili liko juu ya mwembe.